Zamu za Kiwanja 212

Mara ya tatu Kiwanja 212 kilipokosa kufika msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, Mshenga alitoa amri bomba lake lifungwe, na wa kulifunga alikuwa Aikande.

Amri yenyewe haikumkaa moyoni. Mwaka wa tatu huu alikuwa mpima mpaka wa Kanda ya Orimbeni. Kila masika aliuzunguka mpaka kwa miguu, fimbo ya kupimia mkononi, na alijidai kwamba hakuna mbwa wa Orimbeni asiyemjua kwa harufu. Leo anatumwa kwenye kiwanja ambacho hakumbuki hata mlango wake unatazama wapi.

"Mkazi wake nani?" aliuliza.

"Ndewingia," alijibu Mshenga kutoka ukutani, kwa ile sauti yake ya upole isiyochoka. "Amekosa zamu tatu mfululizo. Kabla ya hapo hakuwahi kukosa hata moja."

Mshenga hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya hesabu iliyofungwa ndani ya ofisi ya Kanda, na watu walimpa jina hilo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kwenda baina ya kaya na kaya akipatanisha: huyu atoe siku ngapi za kazi, yule apate maji kiasi gani. Shilingi ya mtu hakuigusa. Kanda iliendeshwa kwa jasho. Kila kiwanja kilipewa bangili moja, na aliyeivaa akichimba, akibeba mawe au akishona nyavu, bangili ilihesabu nguvu iliyomtoka. Nguvu hiyo ndiyo iliyosimamisha minara tisa kwenye kigongo juu ya kijiji, minara inayonasa ukungu wa Kibo na kuugeuza maji. Ndiyo iliyoleta taa za njiani. Na ndiyo iliyoleta mashine ya figo kwenye zahanati ya serikali, ambayo kabla ya hapo ilikuwa na mizani ya watoto na kalenda ya miaka mingi nyuma.

Hiyo mashine ya figo Aikande aliijua kuliko minara yote tisa. Manka, mdogo wake wa tumbo moja, aliunganishwa nayo kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kila mara mashine ilikunywa lita mia na hamsini za maji, ikayachuja yenyewe, ndipo imrudishe nyumbani akiwa mtu.

Mlangoni alikutana na mwenyekiti wa Kanda, Bwana Kiwia, ambaye pia alikuwa baba yake mdogo. Jua la saa saba lilikuwa linachoma, naye amevaa lile koti lake la sufu, mikono imemfika vidoleni.

"Na hiyo spana unaipeleka wapi?"

"Kiwanja 212, baba mdogo. Nakwenda kufunga bomba."

Kiwia alivuta mkono wa koti chini, ingawa haukuwa na pa kwenda zaidi. "Liache mpaka wiki ijayo. Ijumaa Mkaguzi anakuja, sitaki manung'uniko."

"Amri ni ya leo."

"Mwanangu, nimesema liache."

Aikande alimtazama. Huyu ni Kiwia aliyewahi kumfungia maji mama mkwe wake kwa kukosa zamu moja na nusu, mkewe akamnyima chakula siku mbili na bado hakulegea. Tangu lini amejifunza huruma? Alijibu "sawa, baba mdogo", akazunguka nyuma ya ofisi, akashika njia ya 212.

*

Fimbo, ambayo hulia ifikapo penye kiwanja inachokitafuta, ilimpeleka mpaka kwenye kihamba cha Mzee Ndetaramo, yaani boma na shamba la ukoo wake, ikampitisha mbele ya nyumba bila kulia, ikampitisha zizini, ikamwingiza migombani. Hapo ikalia.

Hapakuwa na nyumba wala bomba. Palikuwa na kaburi. Masale manne yalikuwa yamepandwa kwenye pembe zake, majani yake marefu yakimeremeta kwa umande wa kivulini, na kwenye msalaba wa mbao lilichongwa jina moja tu: NDEWINGIA.

"Umekuja kumsalimia?" Mzee Ndetaramo alikuwa amesimama nyuma yake, ameegemea gongo, goti limefungwa kitambaa.

"Meku," alisema Aikande, kwa neno la heshima wanaloitwa wazee wa huko, "huyu ni nani kwako?"

"Mke wangu. Mwaka wa sita sasa yuko hapa."

"Kanda inasema ana bangili."

Mzee alikunja shati. Mkononi mwake zilikuwa mbili. "Hii yangu. Hii yake. Niliikuta juu ya kaburi asubuhi moja, Kanda ilipoanza. Ile droni yenu ya kugawa bangili ilikuwa imeiweka taratibu, kwa adabu kabisa. Nikasema, kumbe serikali ya siku hizi imepata akili, inajua kwamba huyu bado ni mtu wa hapa."

"Ukamfanyia zamu zake?"

"Miaka mitatu! Wewe ulitaka aitwe msaragambo asitokee? Yeye aliyekuwa ananiamsha kwa maji ya baridi nikichelewa?" Alilipiga goti lake kwa kiganja, kwa hasira. "Mwezi huu hili ndilo limegoma. Ndiyo maana umekuja na spana?"

Aikande aliificha spana nyuma. "Hukumwambia mtu yeyote?"

"Nimwambie nini? Kwamba mke wangu ameitwa mimi nikasema simjui? Mambo ya kihamba hayatangazwi, mwanangu." Kisha akatabasamu, meno mawili yakaonekana. "Kitu kimoja tu kilinichekesha. Mimi Kanda niliikataa. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema hapana, kwa sababu ya mfereji wetu. Yeye akaandikwa ndiyo. Miaka arobaini tuliishi bila kukubaliana, na mpaka leo!"

Aikande hakucheka. Mfereji aliousema mzee ulikuwa mfongo wa mababu, uliotoa maji mtoni na kuyashusha Orimbeni, kisha Makoroni, kijiji cha chini. Sheria ilitaka Kanda iwe na chanzo kimoja cha maji, kilichopimwa, kwa hiyo mfongo ulizibwa. Makoroni haikuwa ndani ya mpaka, haikupiga kura, na haikupata bomba. Kila asubuhi wanawake wake walipanda na ndoo mpaka kwenye uzio wa Kanda kuomba, na kila asubuhi Aikande alipita hapo akikagua kamba za viatu vyake.

Sheria hiyo hiyo ilisema Kanda huanzishwa kwa thuluthi mbili ya viwanja, na kiwanja kikiitwa siku saba kisipojibu, kimekubali. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Waliotunga sheria hawakuwasikia wahenga.

*

Alirudi ofisini, akafunga mlango, akasimama mbele ya ukuta.

"Mshenga, viwanja visivyo na nyumba ni vingapi?"

"Hamsini na nane."

Orimbeni iliingia kwenye kura na viwanja mia mbili arobaini. Zilihitajika ndiyo mia moja sitini, zikapatikana mia moja sitini na mbili, na watu wakachinja mbuzi. Aikande alitoa hamsini na nane kwa vidole, kwa sababu hakutaka kumuuliza Mshenga. Zilibaki ndiyo mia moja na nne katika viwanja mia moja themanini na mbili vya watu wanaopumua. Hazikufika thuluthi mbili, na kwa mbali.

Kwa hiyo mtu amefanya ujanja. Koti la sufu lilimjia akilini, na ile "liache" ya mlangoni. Miaka yote amemwamkia yule mzee kwa magoti, kumbe!

"Nani alikufundisha kuhesabu makaburi?"

"Makaburi sikufundishwa. Nilifundishwa masale."

"Na nani?"

"Na wewe, Aikande."

Ukuta ukatoa sauti ya Aikande mwenyewe, changa kwa miaka mitatu, yenye furaha ya mtu aliyepata kazi jana. *Penye masale ndipo penye mpaka. Hiyo haina mjadala, muulize hata mtoto. Jina litakaloandikwa ndani ya masale ndilo la mwenyewe.*

Aliketi. Hakuna mtu wa Orimbeni ambaye angesema tofauti. Masale ndiyo mpaka wa kihamba na kihamba. Anayeyang'oa ametangaza vita. Mgeni angeuliza: je, hupandwa pengine? Na mwenyeji angejibu bila kufikiri: hupandwa makaburini pia. Lakini hakuulizwa, na jambo ambalo kila mtu analijua hakuna anayekumbuka kulisema. Alikuwa amezunguka mchana kutwa akimtafuta mwizi, na kikulacho ki nguoni mwako.

Mlango ulifunguka. Kiwia alitazama spana iliyokuwa mezani, akavuta pumzi ndefu.

"Umekwenda."

"Vua koti, baba mdogo."

"Aikande..."

"Vua."

Alilivua polepole. Chini ya koti alikuwa mzee mwembamba kuliko alivyodhaniwa, na bangili mbili.

"Ya pili ni ya baba yako," alisema. "Niliikuta kaburini kwake alfajiri ile ya kwanza, wewe na Manka mmelala. Nikaelewa palepale ni nini kimetokea na ni nani aliyekosea. Ningeileta kwako ungefanya nini? Ungekwenda kusema. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, nakujua. Na Manka wiki ile alikuwa amevimba miguu, unakumbuka? Basi nikavaa."

"Wengine je? Hamsini na nane?"

"Kila nyumba ilivaa ya kwake ikanyamaza. Kila mmoja akidhani ni jambo la kwake peke yake." Kiwia aliichukua spana mezani, akaigeuzageuza. "Unaniona mwizi. Mimi nimechimba zamu mbili kwa miaka mitatu na mgongo huu. Ijumaa Mkaguzi atakupa kile kibao chake cha kioo, utaweka dole gumba kwamba kila kiwanja kina mkazi wake. Ni uongo? Baba yako si mkazi? Anakaa wapi, Arusha?"

Aikande alimnyang'anya spana, akairudisha mezani.

"Na kesho yake," alisema Kiwia taratibu, akivaa koti, "ni Jumamosi."

Mpaka leo Aikande hajui kama maneno hayo yalikuwa ya huruma au ya vitisho. Aliyageuza usiku na mchana na kila upande uliweza kusomeka.

*

Alhamisi jioni Manka alirudi kutoka zahanati akiwa mwepesi, uso umeng'aa, akadai ndizi za kuchoma. Aliketi jikoni akizigeuza mwenyewe, mkono wenye mshipa wa mashine ukiwa umefungwa bandeji safi, akisimulia jinsi muuguzi alivyomkaripia mgonjwa wa meno.

Aikande aliingia na jani la isale, limefungwa fundo. Aliliweka mapajani mwa mdogo wake, akapiga magoti.

Huko kwao hakuna anayehitaji kuelezwa. Aliyekukosea akikuletea isale lenye fundo, hata kama ameua, humrudishi. Ukilikataa, laana ni yako.

Manka aliacha kusimulia. Alilitazama jani, akamtazama dada yake, na ndizi zikaanza kuungua.

"Isale hutolewa baada ya kosa," alisema. "Wewe hujanikosea kitu, dada."

"Bado."

Akamwambia yote: 212, Mzee Ndetaramo, sauti ya ukutani, bangili chini ya koti, wanawake wa Makoroni kwenye uzio. Akamwambia kwamba akiweka dole gumba, mambo yataendelea vilevile, na kwamba asipoweka, Kanda inabatilika palepale na minara inafungwa kwa lakiri siku tisini. "Nikupeleke Moshi mjini?"

"Mara tatu kwa wiki, barabara ile? Tulijaribu. Nilifia njiani mara mbili, na mara zote mbili nikarudi." Manka alijaribu kucheka, kicheko kikakatika. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega, mikono ina masizi. "Unaniuliza au unaniambia?"

"Sijui."

"Ungeniuliza, ningesema weka dole. Mimi naogopa kufa, Aikande. Sina aibu ya kusema hivyo."

Alilichukua jani hata hivyo. Alilishika muda mrefu, akilivuta kwa vidole kutoka kwenye fundo mpaka ncha.

"Lakini kesho nami nakwenda mkutanoni," alisema mwishowe. "Hao hamsini na nane walinyamaza kwa sababu hawana kinywa. Mimi ninacho bado. Utakalosema, useme mimi nimekaa mbele yako, unaniona."

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Bi Zuhura, mwenye miwani na haraka. Saa nne kamili uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa. Aliwashukuru kwa mbege, pombe yao ya ndizi, ambayo hakuinywa, akamnyooshea Aikande kibao cha kioo.

"Mpima mpaka, thibitisha. Umeuzunguka mpaka, na kila kiwanja kina mkazi aliye hai."

Neno lile, *aliye hai*, Aikande hakuwa amelitegemea. Alimtazama Kiwia, naye Kiwia alikuwa anatazama koti lake. Alimtazama Manka kwenye benchi la mbele. Jani la isale lilikuwa limechomekwa kwenye kilemba chake, wazi, watu wote wakiliona na kunong'onezana.

"Siwezi," alisema. "Hamsini na nane ni makaburi. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeifundisha mashine."

Hakuna aliyeuliza makaburi gani, na hilo ndilo lililomwambia kwamba nyumba zote zilijua, kila moja kwa sehemu yake. Kisha mtu mmoja akafunua mkono. Na mwingine. Bangili mbilimbili zilianza kuonekana juani, na watu wakatazamana kwa mshangao: na wewe? Na wewe pia?

Bi Zuhura alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sheria, na sheria ilikuwa na saa. "Kanda ya Orimbeni imebatilika leo saa nne na dakika kumi na mbili," alisema. "Kura mpya baada ya siku tisini. Minara na mashine ya hesabu vinatiwa lakiri. Cha mgonjwa hakitiwi lakiri, mashine ya figo ibaki." Alisita, akamtazama Manka, akageuka haraka. "Pole."

Kule juu kwenye kigongo mvumo wa minara, ambao watu walikuwa wamesahau kwamba wanausikia, ulikatika. Mtu mmoja alitukana jina la Aikande kwa sauti, na hakuna aliyemkanya.

Mzee Ndetaramo ndiye aliyeinua gongo.

"Mkaguzi! Kanda ikifa, na marufuku zake zinakufa?"

"Zote."

"Hata ile ya mfongo?"

Bi Zuhura aligeuza kurasa kwenye kibao chake. Aligeuza kwa muda. "Hata hiyo," alisema.

*

Mfongo ulikuwa umejaa tope na magugu ya miaka mitatu, hatua elfu moja na mia mbili kutoka mtoni hadi zahanati. Aikande aliupima kwa fimbo, kwa mazoea tu, kisha akaitupa fimbo kando na kushika jembe. Ijumaa mchana walichimba watu tisa. Alihesabu: tisa, na nusu ya kazi haijaguswa, na Orimbeni ina watu mia sita. Aliwatazama waliosimama barazani mikono kifuani, na alijua wanamngoja aanguke. Walikuwa na haki.

Jumamosi asubuhi Manka hakuweza kuvaa viatu. Miguu ilikuwa imejaa. Muuguzi alimketisha kwenye kiti cha mashine karibu na dirisha, akamfunga kamba mkononi, akalitazama pipa la maji. Watu walikuwa wameleta akiba yao ya mwisho ya mabombani, sufuria kwa sufuria, na zilipimwa lita sitini tu kati ya mia na hamsini.

"Nianze?" aliuliza muuguzi.

"Zikiisha katikati?"

Muuguzi alilitazama tena pipa, na Manka akasema wangoje kidogo.

Saa tano Aikande alikuja dirishani, tope mpaka kifuani, viganja vimechubuka. Hakuwa na maji. Alikuja kwa sababu hakuweza kukaa bila kumwona.

"Mmefika wapi?" Pumzi ya Manka ilikuwa fupi.

"Kwenye mkuyu wa kina Mosha. Zimebaki hatua mia mbili." Alishika nondo za dirisha. "Makoroni wamepanda. Wale wanawake wa ndoo, na waume zao. Wameanzia chini wanakuja juu, tukutane hapa. Wamesema yakishapita kwako ndiyo yashuke kwao."

"Na baba mdogo?"

"Yuko kule mwisho kabisa, hasalimiani na mtu. Amevua koti."

Manka alifumba macho, akasikiliza. Majembe yalisikika sasa, karibu, hayaendi pamoja, kila moja na mwendo wake, na sauti ya mzee mmoja mwenye goti bovu ikiwakaripia wote.

"Mko wangapi?"

Aikande aligeuka, akawahesabu kwa kidole, kichwa kwa kichwa, kama ambavyo alipaswa kufanya miaka mitatu iliyopita. Akarudia kuwahesabu.

"Sabini na mmoja."

"Wote hai?"

"Wote hai," alisema Aikande, na Manka akamnyooshea muuguzi mkono.

"Anza," alisema.